Kufunga, Kuvunja na Kufilisi: Historia ya Vitenzi vya Kukomesha Biashara katika Kiingereza na Kiswahili

Mfasiri wa Kiswahili anayekabidhiwa waraka wa kampuni inayokaribia kukoma hukutana mara moja na kundi la vitenzi vya Kiingereza ambavyo kila kimoja kimejengwa kwa sehemu mbili, yaani kitenzi kifupi cha kila siku na kijineno kinachokifuata, kama vile up, down, off au out. Kampuni hufanyiwa wind up, kiwanda hufanyiwa shut down, tawi hufanyiwa close down, wafanyakazi hufanyiwa lay off, na deni lisilolipika hufanyiwa write off. Kila kimojawapo cha vitenzi hivi kina matokeo yake mbele ya sheria, mbele ya wadai, na mbele ya mtu aliyekuwa akipokea mshahara. Mfasiri akivikusanya vyote chini ya kitenzi kimoja cha kufunga, atakuwa ameandika Kiswahili kizuri na sheria mbovu. Na akivitafsiri neno kwa neno, hatakuwa ameandika lugha yoyote.

Makala haya yanakusudia kufuatilia asili ya vitenzi hivyo, namna baadhi yake vilivyoingia katika sheria ya makampuni ya Uingereza katika karne ya 19, na namna sheria hiyo ilivyofika katika pwani ambayo tayari ilikuwa na msamiati wake wa kale wa kufilisika, kufunga na kuvunja. Kwa kukosa jina lililokubaliwa na wataalamu wote, vitenzi hivyo vya sehemu mbili vitaitwa hapa vitenzi ambata.

Kiingereza cha kale hakikuwa na vitenzi ambata kwa wingi. Kilitumia zaidi viambishi awali, kama ifanyavyo Kijerumani hata leo, na maana ya ukamilifu au ya uharibifu ilibebwa na kiambishi kilichotangulia shina. Baada ya uvamizi wa Wanormani viambishi hivyo vilizidi kupoteza nguvu, na vijineno vya mahali vikaanza kushika nafasi yao, safari hii vikisimama nyuma ya kitenzi. Katika sehemu ya mwisho ya tarehe iliyoandikwa na watawa wa Peterborough katika karne ya 12 tayari wanaonekana watu waliosalimisha ngome zao, na kitenzi kilichotumika ni babu wa give up ya sasa. Samuel Johnson, katika dibaji ya kamusi yake ya mwaka 1755, alivitaja vitenzi vya aina hii kuwa miongoni mwa mambo yanayowatatiza wageni zaidi kuliko yote katika Kiingereza. Jina linalotumiwa na Waingereza wenyewe kuviita lilikuja baadaye sana: lilienezwa na Logan Pearsall Smith katika kitabu chake cha mwaka 1925, naye alieleza kuwa alipendekezewa na Henry Bradley, mmoja wa wahariri wa kamusi kuu ya Oxford.

Jambo la kuzingatiwa ni kwamba vitenzi ambata vya kukomesha kazi havikubuniwa na wanasheria wala na wenye mabenki. Vilitoka mikononi mwa watu wa kazi za mikono. Kitenzi shut down kilikuwa na maana ya wazi ya kufunga kitu kwa kukiteremsha, kama lango la maji au kioo cha dirisha, kabla hakijatumiwa kwa kiwanda kizima. Mafundi wa chuma walisema kuwa tanuri limefanyiwa blow in siku lilipowashwa na kuvuviwa, na limefanyiwa blow out siku lilipozimwa. Kijineno peke yake ndicho kilichotenganisha uhai wa tanuri na kifo chake. Mabaharia nao walikuwa na pay off, ambayo ilikuwa ni kuwalipa wanamaji wote ujira wao na kuwaachilia chombo kilipomaliza safari, na lay up, ambayo ilikuwa ni kukiweka chombo kando pasipo kazi. Hata neno la Kiingereza la mgomo, ingawa si kitenzi ambata, lilitoka baharini: mwaka 1768 mabaharia wa London waliokuwa wakidai ujira walitua matanga ya meli ili zisiondoke, na kitenzi cha kutua tanga kikawa tangu hapo kitenzi cha kugoma.

Kitenzi wind up ndicho kilichopanda daraja kuliko vyote. Maana yake ya kwanza ni kuzungusha uzi au kamba mpaka iishe yote katika kibonge. Kutokana na kuishiwa huko kwa uzi ilipatikana maana ya kumaliza hotuba, na baadaye maana ya kumaliza mambo ya biashara. Lakini kitenzi hicho hicho kilitumika kwa saa, na saa inapozungushwa hivyo hutiwa ufunguo ili ianze kwenda. Kwa hiyo Mwingereza huitia saa yake uhai na kampuni yake mauti kwa kitenzi kimoja, wala haoni ajabu. Wanafunzi wa Kiafrika wamecheka mara nyingi juu ya jambo hili. Itaonekana hapa chini kwamba Kiswahili nacho kina kioja cha namna hiyo hiyo.

Mwaka 1844 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria mbili zilizofuatana. Moja ilihusu kuandikisha makampuni ya hisa, na ya pili ilihusu kurahisisha kukomesha mambo ya makampuni hayo yanapokuwa hayawezi kutimiza ahadi zake za fedha. Ni katika jina la sheria hii ya pili ndipo kitenzi wind up kilipopata kiti cha enzi, na sheria nyingine ya mwaka 1848 ikakikaza zaidi. Zilipokuja sheria za dhima yenye mipaka mwaka 1855 na 1856, na hatimaye Sheria ya Makampuni ya mwaka 1862, kitenzi cha wasokota nyuzi kilikuwa kimekwisha kuwa istilahi kamili yenye sura tatu: kampuni iliweza kukomeshwa na mahakama, au kwa hiari ya wenye hisa, au kwa hiari chini ya uangalizi wa mahakama.

Uzito wa istilahi hiyo ulionekana mapema. Mwezi Mei 1866 nyumba ya fedha ya Overend, Gurney and Company, iliyokuwa imegeuzwa kuwa kampuni ya hisa mwaka mmoja tu uliotangulia, ilisimamisha malipo na kutia hofu jiji zima la London. Wengi wa walionunua hisa walidai kuwa walidanganywa na tangazo la kuuza hisa, na kwa hiyo mkataba wao haukuwafunga. Baraza la Malodi liliamua mwaka 1867, katika kesi ya Oakes na Turquand, kwamba hata kama walidanganywa, hawakuweza tena kujitoa, kwa kuwa kazi ya kuikomesha kampuni ilikuwa imekwisha anza na wadai walikuwa na haki ya kuwategemea. Hapo kitenzi kilipewa saa na tarehe. Kabla ya siku hiyo mwenye hisa aliyedanganywa ana njia; baada yake hana. Ni nadra kwa neno la mtaani kubebeshwa mzigo wa namna hii.

Katika miaka hiyo hiyo Pwani ya Afrika Mashariki ilihisi athari za kukoma kwa kazi mahali pengine. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vilivyoanza mwaka 1861 na kumalizika 1865, vilikata pamba iliyolisha viwanda vya Lancashire, na vingi vya viwanda hivyo vilisimama au vilifanya kazi siku chache kwa juma. Vita hivyo vilidhoofisha pia biashara ya kitambaa cha pamba kilicholetwa Unguja na wafanyabiashara wa Salem. Nafasi yao ilijazwa na vitambaa vya Uingereza na vya India, ila jina la merikani lilibaki, na likaendelea kuitwa hivyo hata kwa kitambaa ambacho hakikuiona Marekani kamwe. Biashara yaweza kukoma na jina lake likaendelea kuuza.

Mfanyabiashara wa Unguja au Mombasa wa wakati huo alikuwa na neno lake kwa mtu aliyeishiwa: muflisi. Neno hili ni la Kiarabu, na linatokana na shina lile lile la fulusi, yaani sarafu za shaba. Wanalugha wa Kiarabu hulieleza kuwa ni mtu aliyekuwa na dirhamu za fedha akafikia kubaki na vipande vya shaba, au hata hivyo hana. Katika fikihi, kadhi aliweza kumtangaza mtu kuwa muflisi, kumzuia asiitumie mali yake, kuiuza, na kuwagawia wadai kwa kadiri ya haki zao. Kiswahili kililichukua shina na kulinyambua kwa sheria zake chenyewe: kufilisi, kufilisiwa, kufilisika, ufilisi, mfilisi. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 inalihesabu tayari miongoni mwa maneno ya kawaida. Pembeni yake palikuwa na mnada na dalali, nayo pia ni maneno ya Kiarabu, kwa maana muflisi haishi bila mnada.

Wafanyabiashara wa Kihindi waliokuwa wakikopesha misafara nao walikuwa na neno lao, diwala na ndugu zake, ambalo husimuliwa kuwa lilitokana na desturi ya India ya mfanyabiashara aliyeishiwa kuwasha taa mchana dukani kwake ili watu wajue hali yake. Ikiwa masimulizi hayo ni ya kweli au la, yanaonyesha jambo ambalo neno muflisi nalo linalo: kufilisika ni hali ya mtu mwenye uso na jina, na ni hali ya aibu. Hakuna kampuni ndani yake.

Kitenzi cha kufunga kina historia nyingine kabisa. Ni neno la asili ya Kibantu, na maana yake ya msingi ni kukaza kwa kamba. Kutoka hapo kimeenea mpaka hakina mpaka: hufungwa mzigo, mlango, mfungwa, ndoa, goli, na mtu hufunga Ramadhani. Katika biashara hufungwa duka jioni, na duka hilo hilo hufungwa milele. Kitenzi chenyewe hakisemi ni lipi kati ya haya mawili, bali msikilizaji hulijua kwa kuangalia kama kesho litafunguliwa. Kauli ya kutendua, yaani kufungua, ndiyo inayokipa kufunga maana yake ya biashara, kwa kuwa kufunga hubeba daima ahadi ya kufungua. Mabaharia wa Kiarabu tangu enzi za Ahmad ibn Majid, katika karne ya 15, walizungumza juu ya kufungwa kwa bahari katika majira ya dhoruba ya kusi, na kila nahodha alijua kuwa bahari iliyofungwa ni bahari itakayofunguliwa. Kiingereza nacho hutenganisha hapa kwa kijineno: close peke yake ni la jioni, close down ni la daima.

Ajabu kubwa zaidi imo katika msemo wa kufunga safari. Anayefunga safari haimalizi, anaianza. Picha iliyomo ni ya mpagazi au msafiri anayekaza kamba za mzigo alfajiri kabla ya kuutwika. Vivyo hivyo hufungwa virago, na kirago ni ule mkeka ambao msafiri alilalia njiani. Leo magazeti ya Nairobi na ya Dar es Salaam huandika kwamba kampuni fulani ya kigeni imefunga virago, nayo maana yake ni kwamba imekomesha shughuli na kuondoka nchini. Mwandishi wa habari hafikirii mpagazi, lakini kwa msemo huo amesema jambo ambalo kitenzi cha Kiingereza hakisemi, yaani kwamba kampuni hiyo haikufa. Imehama, na huenda muda huu inafungua kwingine. Kwa hiyo yule mwanafunzi anayemcheka Mwingereza kwa saa yake inafaa akumbuke kuwa babu yake alianza safari zake zote kwa kuzifunga.

Kuna pia kukunja jamvi. Jamvi hukunjwa baraza linapovunjika, na msemo huo hutumika kwa mkutano, kwa mashindano na kwa msimu wa kazi. Kwa picha, huu ndio ndugu wa karibu kabisa wa wind up, kwa maana vyote viwili ni kuzungusha kitu mpaka kiishe. Ni bahati mbaya kwamba una mzaha kidogo ndani yake, na hakimu hawezi kuamuru kampuni ikunjiwe jamvi.

Makampuni yenyewe yalipofika, yalifika pamoja na sheria zake. Imperial British East Africa Company ilipata hati ya kifalme mwaka 1888. Kufikia mwaka 1895 ilikuwa imeshindwa kujiendesha, na serikali ya Uingereza ikaichukua nchi kwa kuilipa kampuni pauni 250,000, ambazo sehemu yake kubwa ilitoka katika fedha za Sultani wa Zanzibar. Katika Himaya iliyofuata zilitumika sheria nyingi za India, ikiwamo sheria ya makampuni ya mwaka 1882, ambayo ilikuwa imechota kwa Waingereza. Baadaye zilikuja sheria za makampuni za koloni lenyewe, na ya mwisho kati ya hizo, iliyojulikana baada ya uhuru kuwa Sura ya 486 ya Sheria za Kenya, ilifuata kwa karibu sana sheria ya Uingereza ya mwaka 1948. Kwa njia hiyo kitenzi wind up kiliingia Nairobi na Mombasa kikiwa na umri wa miaka mia moja, kikiwa kimevaa joho.

Hapa ndipo matatizo yalipoanza, na hayajamalizika. Wakili au karani aliyetaka kumweleza Mswahili maana ya kuikomesha kampuni alikuta neno kufilisi limekaa tayari, akalitumia. Kwa kampuni iliyoshindwa kulipa madeni neno hilo linafaa. Lakini sheria hiyo hiyo inaruhusu kampuni nzima, yenye fedha za kutosha na isiyodaiwa kitu kisicholipika, ikomeshwe kwa azimio la wenye hisa kwa sababu tu kazi iliyoundiwa imekwisha, au kwa sababu wenyewe wamezeeka. Kusema kuwa kampuni kama hiyo imefilisiwa ni kuipaka matope. Mwenye duka wa Mombasa akisikia kwamba fulani na nduguze wamefilisi kampuni yao, kesho hatawauzia kwa mkopo hata kibiriti. Kwa upande mwingine kampuni inayokomeshwa haijafa siku ile ya amri au azimio. Huendelea kuwa mtu mbele ya sheria, ikidai na kudaiwa, mpaka mali igawanywe, na baada ya hapo tu ndipo huvunjwa. Kufilisi, kufunga na kuvunja ni hatua tatu zinazoweza kutokea kwa nyakati tatu, au moja isitokee kabisa.

Kitenzi cha kuvunja kinastahili uchunguzi wa peke yake, maana ndicho kilichotumika kwa mkomo mkubwa kuliko yote katika Afrika Mashariki ya karne ya 20. Jumuiya ya Afrika Mashariki iliundwa kwa mkataba uliotiwa saini Kampala mwezi Juni 1967 na kuanza kazi mwezi Desemba mwaka huo. Mapema mwaka 1977 ndege za shirika la pamoja ziliacha kuruka na Kenya ikaanzisha shirika lake. Kufikia katikati ya mwaka huo Jumuiya haikuwapo tena. Kiingereza kilikuwa na maneno kadhaa ya kuchagua. Kiswahili, katika redio na katika magazeti ya nchi zote tatu, kilichagua moja: Jumuiya ilivunjika.

Si ilivunjwa. Kauli ya kutendeka ina tabia hii, kwamba huonyesha hali iliyokipata kitu bila kuacha nafasi ya mtendaji. Sahani iliyovunjika ilivunjika. Aliyeiangusha hayumo katika sentensi, wala sarufi haimruhusu kuingia kwa kihusishi na, kama angeruhusiwa katika kauli ya kutendwa. Yamkini hiyo ndiyo sababu neno hilo lilipendwa na wakubwa wa pande zote, kwa kuwa kila upande ulikuwa na maoni yake juu ya nani alivunja. Kiingereza hupata nafuu ile ile kwa njia nyingine: kitenzi ambata kama close down au shut down hukubali kitu kiwe kiima chake, hata kiwanda kikaonekana kimejifunga chenyewe. Lugha mbili zisizo na udugu zimeufikia mlango mmoja wa kutokea.

Lakini kilichovunjika kilikuwa na mali na madeni. Victor Umbricht, mwanadiplomasia wa Uswisi, alianza usuluhishi mwaka 1978, na mkataba wa mgawanyo ulitiwa saini Arusha mwezi Mei 1984. Kenya ilihesabiwa asilimia 42, Tanzania 32 na Uganda 26. Benki ya Maendeleo ya Afrika Mashariki ilinusurika ikaendelea na kazi, jambo ambalo neno kuvunjika haliwezi kulieleza. Wafanyakazi wa reli, bandari, posta na ndege ndio walioonja ladha ya neno hilo. Baadhi ya waliokuwa Tanzania waliendelea kudai mafao yao hata baada ya Jumuiya mpya kuundwa kwa mkataba wa mwaka 1999. Kwa wastaafu hao tofauti ya kitu kilichovunjika na kitu kilichofungiwa hesabu zake haikuwa ya sarufi. Kilichovunjika hakina msimamizi wa kuulizwa. Kilichofungiwa hesabu kina daftari, na daftari lina mtu anayelijibia.

Kuhusu wafanyakazi, Kiingereza hutumia lay off, ambacho hapo awali kilimaanisha kumpumzisha mtu kwa muda wakati kazi imepungua, kikaishia kumaanisha kumwondoa kabisa. Lugha ya ofisi ya Kiswahili imefuata mkondo huo wa upole: wafanyakazi hupunguzwa, neno lililosikika sana katika miaka ya 1990 wakati mashirika ya umma ya Kenya na Tanzania yalipokuwa yakipunguza watu. Neno hilo huhesabu, halimtazami mtu. Lugha ya waliopunguzwa haina upole huo. Nchini Kenya mtu hupigwa kalamu, au humwaga unga. Nchini Tanzania kibarua chake huota nyasi. Msemo huu wa mwisho una thamani kwa mwanahistoria, kwa sababu kibarua ni barua ndogo, hati aliyopewa mfanyakazi wa kutwa huko pwani kuwa ushahidi wa kazi aliyoifanya. Kutoka kwenye hati jina likamhamia mfanyakazi, kisha kazi yenyewe. Karatasi haioti nyasi. Anayeota nyasi ni shamba lililoachwa, na kwa hiyo mkulima aliyehamia mjini amechukua neno la bandarini akalipanda kijijini kwake.

Inafaa kutajwa pia kwamba serikali nazo zimefunga. Katika Tanzania ya mwaka 1976, kampeni iliyojulikana kama Operesheni Maduka ilifunga maduka mengi ya watu binafsi ili nafasi yake ichukuliwe na maduka ya ushirika na ya vijiji. Ilisimamishwa mwaka huo huo baada ya bidhaa kuadimika. Hapo hakuna aliyesema kuwa maduka yalifungika. Yalifungwa, na mtendaji alijulikana.

Wapo wanaodai kwamba Kiswahili hakiwezi kushindana na vijineno vya Kiingereza kwa kuwa hakina navyo. Dai hilo halina nguvu. Kazi ya ukamilifu inayofanywa na up na off hufanywa katika Kiswahili na kauli ya kutendea, hasa inaporudufishwa, ikiambatana na neno mbali. Mahakama hutupilia mbali kesi. Wizara hufutilia mbali leseni. Jambo lisilotakiwa huondolewa mbali au hupotelea mbali. Neno mbali hapa halina umbali wowote ndani yake, kama vile up ya wind up isivyo na kupanda. Limekwisha kuwa kijineno, lenye kazi ya kusema kwamba tendo limefika mwisho na halirudi. Sarufi zilizoandikwa na Wazungu ziliitazama kauli hii zaidi kwa upande wa mtu anayetendewa, hata upande huu wa ukamilifu ukabaki pembeni, na ni uwanja ambao wanafunzi wa isimu wangeweza kuulima kwa faida.

Uchaguzi wa maneno haya si jambo la darasani tu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Mwaka 2015 Kenya iliiweka kando Sura ya 486, na mambo ya kukomesha makampuni yakahamishiwa katika sheria mpya inayohusu wasioweza kulipa madeni. Humo wind up imeachia nafasi neno lenye asili ya Kilatini na picha ya kuyeyusha, nalo hutumika kwa kampuni maskini na kwa kampuni tajiri bila kubagua. Sheria ya makampuni ya Tanzania ya mwaka 2002 imebaki na kitenzi cha zamani. Lakini ni Tanzania iliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama kwa marekebisho ya mwaka 2021. Kwa hiyo watafsiri wa nchi hizo mbili wanaanzia katika maneno mawili tofauti ya Kiingereza, na pasipo mashauriano wataishia katika Kiswahili cha aina mbili.

Pendekezo linaloelekea kufaa ni kuachia kufilisi kazi yake ya kale, yaani kwa mtu au kampuni iliyoshindwa kulipa na ambayo mali yake inauzwa kwa ajili ya wadai. Kutumia kufunga hesabu za kampuni kwa mchakato mzima wa kukusanya, kulipa na kugawa, uwe wa hiari au wa mahakama. Na kuweka kuvunja, katika kauli ya kutendwa na pamoja na mtendaji wake, kwa tendo la mwisho la kuifuta kampuni katika daftari la msajili. Kufunga peke yake kuachiwe milango. Linabaki tatizo la jina la mtu anayesimamia kazi hiyo. Mfilisi ameenea mno kuweza kuondolewa, na kwa kampuni isiyofilisika jina hilo ni dhuluma. Mfunga hesabu, kwa upande wake, litamkumbusha kila msomaji karani wa duka akipiga jumla ya mauzo saa kumi na mbili jioni.